Kifundo cha mkono kimefura na kiko moto? Soma hii kabla hujafika kwa kemisti

Huku Kisumu mama anayepasua mbuta pale Dunga akichomwa na mwiba, ama kijana anayekata miwa upande wa Muhoroni akijikata kidogo, ni kawaida kuosha tu na kurudi kazini. Sawa. Lakini ukiona siku zinazofuata kifundo cha mkono kimefura, kiko moto, kinauma hata ukikisongesha kidogo tu, iwe una homa ama huna, enda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje wikendi iishe, juu wadudu wanaweza kuwa wameingia kwa jointi na kuweka usaha, na usaha ukikaa ndani ya jointi unakula gegedu inayofunika mifupa na gegedu ikiisha hairudi.

Usikandwe. Na tafadhali usianze na antibayotiki za kemisti, hapa ndio watu wengi huumia, juu vidonge viwili vitatu haviui wadudu wote lakini vinawaficha, alafu maabara wakijaribu kuotesha wadudu hao ndio wawajue, hakuna kitu kinaota na daktari anabaki kukisia dawa. Kitu cha kwanza ni sindano ya kutoa maji ya jointi, na damu pia itolewe. Yale maji yaangaliwe seli nyeupe, wadudu, na chembe za gauti (ugonjwa mwingine unaofurisha jointi), na kama shida imevuta kwa wiki nyingi uliza pia kuhusu TB. Wakikwambia ni gauti, uliza kama wameotesha pia, juu gauti na usaha vinaweza kukaa pamoja. Ila kama mgonjwa amezidiwa, presha imeshuka ama ameanza kuchanganyikiwa, dawa ianze mara moja.

Ukifika Jaramogi, ile tunaita Russia, ama hospitali yoyote kubwa, uliza daktari wa mifupa kama kuna kamera ndogo ya kifundo, ya kuosha jointi kupitia matundu madogo. Kama hakuna, kubali kufunguliwa kawaida, kazi ni ile ile ya kuosha, na kuzunguka mji mzima ukitafuta kamera ni kupoteza masaa ambayo jointi haina. Uwe hujakula, na pete itoke mapema kabla vidole havijafura.

Thieta, vidole vinaingizwa kwenye vimifuko vya wavu vinavyojikaza, mkono unaning'inizwa na kuvutwa kwa uzito wa kama kilo 4 au 5 ndio jointi ifunguke. Matundu madogo yanatobolewa upande wa nyuma wa kifundo, kamera ya milimita 2 hivi inaingia, maji ya chumvi yanapitishwa lita kadhaa mpaka yatoke safi, na kipande cha utando wa ndani ya jointi kinakatwa kiende maabara. Kifundo kina vyumba viwili vikubwa, kwa hivo usione haya kuuliza kama vyote viliangaliwa.

Ukitoka, mkono ukae juu kuliko moyo, kifundo kiko kwa plasta ya nusu lakini vidole uvikunje na kuvinyoosha siku hiyo hiyo hata kama vinauma, visije vikakauka. Dawa huanza kwa mshipa alafu vidonge, ni ya wiki kadhaa, usiachie njiani ukisikia nafuu. Wengine huoshwa mara ya pili, usishtuke. Homa ikirudi, maumivu yakizidi ama vidole vikifa ganzi, rudi usiku huo huo. Na usiondoke wodi bila jina la mdudu aliyeota na dawa inayomuua, yaandikwe kwa karatasi, juu kliniki utakayoenda baadaye itayaulizia.