Kupungua kwa Ajili ya Harusi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaniletea Kitambaa

Nashona magauni ya harusi hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na kila Agosti ikiingia naanza kusikia maneno yaleyale: "Anti, usinipime hivi nilivyo. Kufika Desemba nitakuwa nimepungua." Wapo wanaopungua kweli. Lakini wengi huja siku ya kujaribisha wakivuta tumbo ndani, zipu imegoma katikati ya mgongo, na macho yote yananigeukia mimi kana kwamba kitambaa ndicho kilichokula. Basi kabla hujanipa deposti, soma haya.

Anza na kalenda. Hesabu wiki zilizobaki, halafu ndipo utaje kilo. Watu hugeuza: wanataja kilo kwanza, kumi na tano, ishirini, kisha wanazisukuma ziingie katika wiki zilizopo. Kiwango ambacho madaktari wengi hushauri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ukiwa na wiki 16, shika ile nusu, kwa sababu ile kilo moja ni ya mtu ambaye hakuna kinachomvuruga, na wewe unapanga harusi. Nusu mara 16 ni kilo 8. Sasa toa wiki zitakazoharibika. Tunaishi Nyanza, Ijumaa na Jumamosi ngapi utakuwa matangani mashambani, ukila kilichopikwa kwenye sufuria kubwa na saa uliyopewa? Toa na wiki ya malaria, na wiki ya kutembelea wakwe, ambako kukataa sahani ya pili ni kutafuta maneno. Mimi hutoa wiki nne bila huruma. Zimebaki 12, na lengo lako ni kilo 6.

Najua utakunja uso. Nenda dukani ubebe pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili, upande nazo ngazi, halafu urudi uniambie kilo 6 ni kidogo. Na kwa afya si kidogo pia: mtu mnene akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, mara nyingi presha na sukari huanza kushuka. Kwa mwenye kilo 84, asilimia 5 ni kama kilo 4. Ikiwa hesabu yako inakuonyesha kilo 6 na moyo wako unataka 16, una njia mbili: sogeza tarehe au punguza tamaa. Wiki hazivutiki.

Chakula sitakieleza sana, kila mtu ana shangazi wa kumweleza. Ila jua hesabu yake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700, kwa hiyo kupoteza nusu kilo kwa wiki ni kupunguza kama kalori 550 kila siku. Zinatoka wapi? Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni karibu 190. Soda moja ya mililita 300 ni 120 na kitu. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia, vile unavyomimina kwenye sukuma bila kutazama, ni 240. Umefika, na ugali hujaugusa. Wale wanaoanza kwa kuapa kwamba hawatakula ugali tena hadi harusini, siku ya tisa ninawaona kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, na samaki mzima wa kukaanga, ugali pembeni, wanakula kwa hasira.

Mizani: tumia moja, ileile, asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, juu ya sakafu ngumu. Usijipime leo kwa yule kijana wa mizani pale barabarani jioni, na viatu, kisha kesho kwa mizani ya zahanati, halafu unipigie simu ukilia. Kabla ya hedhi mwili hushika maji na kilo moja au mbili zinaweza kuongezeka zikapotea zenyewe. Wiki ya kwanza vilevile inadanganya, ila kwa upande mwingine: ukipunguza wanga, mwili unaachia akiba yake ya sukari pamoja na maji yaliyoshikana nayo, na unaona kilo tatu zimeondoka. Hayo ni maji. Usipange miezi mitatu kwa mwendo wa wiki ya kwanza.

Nunua tepu pia. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 ndipo madaktari huanza kuuliza maswali, kwa mwanamume 94. Mimi naamini tepu kuliko mizani, lakini hiyo ni kazi yangu.

Kabla ya yote, pita kliniki. Kama una mimba au unanyonyesha, mambo ya kujinyima chakula yaache. Kama unameza dawa za sukari au presha, usipunguze chakula kabla hujamwambia daktari, kwa sababu dawa nyingine za sukari zinaendelea kushusha sukari hata kama hukula, na mtu anaweza kuzimia akiwa kwenye tuktuk. Kama unadungwa ile sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na umeona uzito unapanda, zungumza na nesi kabla hujajilaumu; kwa baadhi ya wanawake sindano hiyo huongeza uzito kweli.

Sasa hili la kupungua haraka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nililiona mezani pangu.

Alikuja Septemba, msichana wa ofisi moja hapa mjini, mpole, harusi yake Jumamosi ya pili ya Desemba. Kilo 84. Akataka afike 68. Nikamhesabia wiki kwenye kalenda ya ukutani kama ninavyowahesabia wote, nikamwambia, "Mamangu, hapa unapata tano, sita ukibahatika." Akacheka. "Anti, wewe shona tu ndogo, nitaingia." Nikakataa kukata kitambaa kwa mwili ambao haujafika. Tukakubaliana nishone kwa vipimo vya siku ile, mgongo uwe wa kamba, na akipungua nitabana.

Kumbe alikuwa na mpango wake. Kabichi ya kuchemsha, maji ya ndimu, yai moja asubuhi, na mafuta hata tone hapana. Aliporudi mwishoni mwa Oktoba alikuwa ameshuka kilo 10 katika wiki tano. Wasimamizi wake wakapiga vigelegele dukani kwangu. Mimi niliona midomo imekauka na shingo imeingia, lakini nani anamsikiliza fundi kwenye vigelegele?

Katikati ya Novemba wakwe walikuja nyumbani kwao. Mbuzi, kuku, samaki, chapati. Akala, baada ya wiki zote zile, kama binadamu yeyote angekula. Saa saba usiku akaamshwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakipanda hadi bega na kuzunguka mgongoni, akatapika hadi alfajiri. Sote tukamwambia ni ulsa, maana hapa kwetu kila tumbo linalouma usiku ni ulsa. Akanunuliwa dawa ya kutuliza asidi kwenye duka la dawa. Yakaisha. Wiki iliyofuata yakarudi baada ya chipsi. Mara ya tatu yalikuja na homa na kutetemeka, na hayakuondoka. Ndipo akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya tumbo, wakakuta mawe kwenye kifuko cha nyongo na kifuko chenyewe kimevimba.

Mamake ndiye aliyenieleza alivyoelezwa na daktari. Mtu akipungua kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Na kifuko cha nyongo kazi yake ni kujikamua unapokula chakula chenye mafuta. Usipokula mafuta kabisa, nyongo inakaa humo imetulia, inakuwa nzito, na mawe yanajitengeneza. Hatari hiyo huongezeka unapopita kilo moja na nusu kwa wiki, na wanawake hupata mawe hayo kuliko wanaume. Msichana wetu alikuwa anaenda kilo mbili kwa wiki.

Alifanyiwa upasuaji, kifuko kikatolewa. Kamati ya harusi ikageuka kamati ya bili ya hospitali, kundi lilelile la simu, mweka hazina yuleyule. Tenti na viti vilikuwa vimelipiwa nusu. Sehemu ya hela haikurudi. Harusi ikasogezwa hadi Februari. Kufikia hapo nusu ya zile kilo zilikuwa zimerudi, maana hospitali walimwambia ale, naye akala. Gauni lilimkaa, kwa kamba tu tulizozilegeza na kuzikaza. Picha zake ni nzuri. Lakini aliingia kanisani akiwa na kovu, na mshahara wa miezi kadhaa umeishia kwenye bili.

Kwa hiyo ukiniambia unashuka kilo mbili kila wiki sitapiga makofi. Nitakuuliza unakula mafuta kidogo au hapana. Weka parachichi, weka njugu, weka kijiko cha mafuta kwenye osuga (mnavu). Na ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta, usinunue dawa ya ulsa kwa kubahatisha. Nenda upigwe picha. Yakija na homa, au macho yakigeuka manjano, nenda usiku huohuo.

Jambo jingine la kupungua haraka ni nywele. Mtu akijinyima sana, nywele hazianguki siku hiyo. Huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Piga hesabu mwenyewe: ukianza kujiua njaa Septemba, nywele zinabaki kwenye kitana Novemba na Desemba, msusi anatafuta mahali pa kushikia haoni.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye simu: nyingi zina sena, dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na choo, mafuta yako yamekaa palepale yanakusubiri. Na hizi sindano za kupunguza uzito ambazo sasa kila mtu ana binamu anayeziuza: dawa zenyewe zipo na zinafanya kazi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, zinahitaji ufuatiliaji, na zenyewe pia zinaweza kuleta matatizo ya nyongo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, iliyo bandia na iliyokuwa ikisambaa katika nchi kadhaa. Sindano inayoletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa karatasi hujui ina nini.

Mazoezi, tembea. Toka mapema kabla jua la Kisumu halijakasirika, panda kilima cha Riat kama magoti yanaruhusu, shuka taratibu. Usijisajili jimu wiki ya mwisho ukitegemea miujiza. Utakuja kujaribisha gauni ukiwa huwezi kuinua mikono.

Na huchagui mahali pa kupungua. Unataka tumbo liondoke, lakini mara nyingi ninachokiona mimi ni uso na kifua kutangulia. Ndiyo maana kifua cha gauni nakimalizia mwisho, na ndiyo maana nakasirika mtu anaponiambia amepungua kilo 5 kwa hiyo nibane kila mahali sentimita tano. Njoo nikupime.

Gauni lenyewe: shona kwa mwili ulio nao leo. Kubana ni kazi ya alasiri moja; kuongeza ni vita. Nikiacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono ya ubavuni naweza kukuongezea sentimita nne hadi sita, zaidi ya hapo tunaanza kuweka viraka na kuviita mapambo. Mgongo wa kamba unasamehe kuliko zipu. Satini haisamehi chochote. Mtu akikuuzia gauni lililoshonwa tayari na linakubana leo, akakwambia "utapungua," huyo anauza gauni. Funga hesabu ya kilo wiki mbili kabla ya siku: hapo tunajaribisha mara ya mwisho, na kuanzia hapo kula kawaida, usiongeze wala usipunguze. Nimeona bibi harusi aliyekaa siku tatu kwa maji tu akaanguka akiwa kwenye foleni ya kupiga picha ufukweni Dunga, jua la saa nane, kamera zinaendelea.

Siku ya harusi yenyewe kula kiamshakinywa. Msimamizi wako abebe maji na kitu cha kutafuna. Ukija kujaribisha, njoo na viatu utakavyovaa na sidiria utakayovaa, si nyingine, na usije na watu sita wenye maoni. Wawili wanatosha. Na deposti ulete kabla ya mwisho wa Septemba, Desemba nina magauni mengi.