Gitaa kavu, maneno na jukwaa: kujijenga kama mtunzi-mwimbaji wa folki-roki Mwanza

Katika folki-roki, maneno ndiyo bosi. Gitaa, besi, ngoma na spika vyote vipo ili maneno yamfikie msikilizaji, na ukilishika hilo utajua kila mara ununue nini kwanza, umchukue nani kwenye bendi na ukatae nini. Muziki huu ulipata umbo lake Marekani katikati ya miaka ya 1960, pale watunzi waliokuwa wakisimulia kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, walipoongeza bendi ya umeme. Mtunzi-mwimbaji Mmarekani Bob Dylan alipopanda na bendi ya namna hiyo kwenye tamasha la Newport tarehe 25 Julai 1965, tayari alikuwa na albamu kadhaa za nyimbo zilizosimama kwa gitaa na sauti yake. Nyimbo zilitangulia, umeme ukafuata. Anayeanza leo Nyamagana au Ilemela afuate mpangilio huohuo, na asikimbilie studio kutafuta biti kabla hajawa na la kusema.

Tena Kanda ya Ziwa ina walimu wa kazi hii. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukuma, wamekuwa wakishindana tangu karne ya 19, na manju (kiongozi wa waimbaji) anayeshinda ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe za ngoma za Bulabo mwezi Juni. Sikiliza manju anavyotaja jambo moja linalojulikana na kila mtu, anavyoliacha hewani, halafu waitikiaji wanalidaka. Ufundi huo unahamia kwenye gitaa bila shida yoyote.

Kutunga

Anza na mtu mmoja, mahali pamoja, saa moja. Mstari kama “maisha magumu, dunia ina mambo” hauna kosa la sarufi, ila hakuna anayeuona. Ulinganishe na huu:

*Taa za dagaa zimezimika nyuma ya Saanane,*
*mama Mwaloni bado anahesabu sado.*

Sasa kuna alfajiri, kuna ziwa, kuna mtu na kazi yake, na ugumu wa maisha umesemwa bila kutajwa. Ubeti wa mistari minne ya namna hiyo, mara tatu, na kiitikio kimoja kifupi kinachoshikika kwa kusikia mara ya pili, vinatosha wimbo wa dakika tatu na nusu.

Makosa mengi yako kwenye kupachika maneno juu ya sauti. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: sa-MA-ki, m-VU-vi, a-na-he-SA-bu. Silabi hiyo inapaswa kukaa kwenye pigo zito, yaani pigo la kwanza au la tatu ukihesabu nne. Ukiweka “sa” ya samaki kwenye pigo zito, msikilizaji atahisi unaimba kama mgeni hata kama hawezi kueleza kwa nini. Kabla hujashika gitaa, sema ubeti mzima kwa sauti ya kawaida huku ukipiga makofi. Penye kukwama badilisha neno, usilivute. Noti ndefu za juu ziweke kwenye “a” au “o”, maana “i” na “u” hubana koo na sauti hutoka nyembamba.

Ufunguo, yaani kimo cha kuimbia wimbo, uchague kwa koo lako. Tafuta noti ya juu kabisa unayoifikia bila kupiga kelele, kisha hakikisha kilele cha wimbo kiko nusu-sauti moja au mbili chini yake; siku ya shoo utakuwa umechoka na utazihitaji hizo mbili. Kapo, kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa, inarahisisha kazi hii, kwa sababu kila kificho (freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) kimoja hupandisha nusu-sauti. Ukiifunga kificho cha pili, maumbo ya G, C na D yanatoa A, D na E, na vidole havijifunzi kitu kipya.

Gitaa lenyewe

Tafuta gitaa la nyuzi za chuma lenye shingo iliyonyooka. Jaribio la dukani ni rahisi: pima nafasi kati ya uzi mnene na kificho cha 12. Milimita 2.5 ni nzuri. Ikizidi 3, mkono utauma na noti zitapanda unapobonyeza. Usinunue gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni kisha ukalifunga za chuma. Seti ya nailoni huvuta jumla ya kilo 40 hivi, ya chuma nyepesi (unene wa inchi 0.012 hadi 0.053) huvuta kilo 70 na ushei. Ndani ya miezi michache daraja (kipande kinachoshika nyuzi) linabanduka na kifua, yaani ubao wa mbele, kinavimba.

Unyevu ni adui wa pili. Mbao za gitaa hupenda unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55. Wakati wa mvua kifua hunyonya maji, hupanda, na nyuzi huinuka; kiangazi cha Juni hadi Agosti mbao hukauka na nyuzi huanza kuvuma juu ya vificho. Liweke ndani ya boksi lake, mbali na ukuta wa nje; wakati wa mvua tia humo vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, kiangazi vitoe. Ndani ya gari lililoegeshwa juani usiliache kabisa, gundi inalainika. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na kama unapiga kila siku, badilisha seti kila mwezi.

Jukwaa dogo kwanza

Andaa nyimbo nane unazoweza kupiga peke yako, mfululizo, bila karatasi. Hiyo ni nusu saa na kitu, na inatosha kwa mgahawa wa Capri Point, harusi ndogo au jioni ya hotelini kando ya ziwa. Tarehe 11 Juni 1988, kwenye tamasha la Wembley la kumuenzi Nelson Mandela, Stevie Wonder alishindwa kupanda kwa wakati wake kwa sababu diski yenye muziki wa kinanda chake ilikosekana. Tracy Chapman, mtunzi-mwimbaji wa Marekani ambaye alikuwa amekwishaimba siku hiyo, alirudishwa jukwaani na gitaa lake tu, na dunia ikamjua. Aliweza kwa sababu nyimbo zake hazikuhitaji kitu kingine. Umeme ukikatika katikati ya shoo yako, uwe na nyimbo tatu za kusogea mbele na kuimba bila maiki.

Kuunganisha vyombo, fuata mpangilio huu. Spika ziwe mbele ya maiki, zikitazama watu. Gitaa lipite kwenye kiboksi cha DI (kinachoandaa sauti yake kwa waya mrefu) kabla ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Waya wa kawaida wa gitaa ukizidi mita 6 hupoteza mlio wa juu. Maiki iwe sentimita 2 hadi 5 kutoka mdomoni, na kwenye mikisa kata sauti zote za chini ya hezi 100 (hezi ni kipimo cha masafa: ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba) kwenye njia ya mwimbaji. Gitaa kavu likianza kunguruma lenyewe, mara nyingi ni kati ya hezi 100 na 200, ambako boksi lake huitikia spika. Punguza hapo, au ziba tundu kwa kifuniko cha mpira. Kupunguza sauti yote ni kuwanyima watu maneno.

Na betri: pikapu nyingi za gitaa (vinasa sauti vilivyofungwa ndani yake) zenye betri ya volti 9 hubaki zimewaka muda wote waya ukiwa umechomekwa. Chomoa ukimaliza mazoezi, na beba ya akiba.

Kuongeza bendi

Ongeza mtu mmoja mmoja. Wa kwanza awe mpiga kayamba au ngoma ya mkono anayejua kuimba kiitikio. Wa pili besi. Gitaa la umeme lije baadaye, na lipigwe juu ya kificho cha saba wakati gitaa kavu liko chini, la sivyo mawili hayo yanafanya kazi moja na sauti inakuwa tope. Mpiga dramu atumie brashi kwenye beti na fimbo kwenye kiitikio. Kipimo ni kimoja: mtu wa meza ya nyuma kabisa aweze kurudia ubeti wa pili. Akishindwa, dramu zipungue.

Kurekodi na haki

Kwa gitaa, weka maiki sentimita 20 hadi 30 mbali, ikielekea kificho cha 12. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo. Chumba chenye magodoro na mapazia mazito kinashinda ukumbi mtupu. Bati na mvua haviendi pamoja na kurekodi, na karibu na ziwa vyura huanza jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa nzuri. Kilele cha sauti kisipite desibeli hasi 6.

Kabla wimbo haujatoka, andikeni karatasi moja ya nani katunga maneno, nani sauti, kila mmoja asilimia ngapi, na wote wasaini. Wimbo ukishavuma mazungumzo hayo huwa ugomvi. Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kama msanii na usajili kazi zako COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania). Hakimiliki inakuwepo tangu unapotunga, na kwa sheria ya Tanzania hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake; usajili ni ushahidi wako. Ukichukua ngoma ya asili kwa biashara, taja jamii ilikotoka na uulize BASATA kuhusu idhini.

Ratiba na pesa

Omba nusu ya malipo kabla ya siku ya shoo. Tuseme mmeelewana shilingi 400,000: toa kwanza nauli, chakula na kukodi vyombo, weka kando asilimia 10 ya nyuzi, waya na matengenezo, ndipo mgawane kinachobaki. Wanaogawana kwanza hukosa hela ya kununua hata uzi mmoja.

Shoo ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ihesabie kulala huko, maana feri ya kutoka Mwanza inachukua saa tatu na zaidi. Kwenye mialo ya dagaa, angalia mwezi kabla ya kupanga tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hubaki ufukweni. Siku hizo utapata watu wengi wenye nafasi ya kusikiliza ila mifuko yao imekauka, kwa hiyo pitisha kofia badala ya kuuza tiketi. Shoo ya kiingilio ipange siku za mwisho za giza, kabla mbalamwezi haijaanza kuwaka, hela ikiwa bado mkononi, na uanze saa kumi jioni ili wanaoingia ziwani wakuwahi.