SOMO: Kumchora sokwe kwa penseli (soma lote kwanza, ndipo uulize)

Kila wiki naletewa mchoro uleule: sokwe mweusi tii kama sufuria ya kwenye kuni, na swali lilelile, "Mkuu, mbona hafanani?" Leo naandika mara moja tu.

Vifaa: penseli HB (hafifu), 2B (iliyokolea kiasi) na 6B (nyeusi zaidi), raba, wembe wa kuchongea, karatasi ya manila. Raba ikikosekana, finyanga sehemu ya ndani ya mkate mweupe.

1. Chagua picha yenye mwanga wa upande mmoja.

2. Piga miraba kwenye picha na kwenye karatasi, idadi sawa, ili unakili mraba kwa mraba. Mistari iwe hafifu.

3. Weka umbo: mfupa wa nyusi umetokeza, masikio makubwa, mikono mirefu kuliko miguu. Mkia hana. Ukimwekea mkia, umechora nyani.

4. Macho. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mzee mmoja wa hapa Kigoma, aliyewahi kutembeza wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe, aliniagiza mchoro. Nikaweka weupe wa jicho kama wetu. Akautazama kimya, kisha akasema, "Huyu si sokwe, ni mtu kavaa ngozi." Hakuuchukua. Kwa sokwe wengi, sehemu hiyo ya jicho ni kahawia iliyokolea, kwa hiyo ipake 2B yote, ubakize nukta moja ya mwanga. Nukta hiyo iache karatasi tupu TANGU MWANZO. Usijidanganye utaifuta baadaye: penseli ikishakandamizwa haitoki, inabaki kijivu. Na nukta zikae upande mmoja kwenye macho yote mawili. Mimi niliwahi kuzipishanisha, akatoka na makengeza.

5. Manyoya: anza na HB, fuata yanakolalia, 6B iwe ya mwisho. Ukikandamiza yanang'aa kama bati.

6. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Kwa joto hili la ziwani, jasho litakuharibia.

MASWALI

— Mkuu, penseli gani nitumie?
— Imeandikwa juu.

— Nimefuata yote, ila hafanani.
— Miraba yako iko wapi?
— Nilikadiria kwa macho.
— Basi hukufuata yote.

— Mbona wengine tunaanza na manyoya na anatoka vizuri tu?
— Weka mchoro hapa tuuone.

— Samahani kaka, mtoto wa sokwe je? Kwenye picha naona uso wake si mweusi.
— Umeona vizuri, dada. Uso wa mtoto huwa na rangi hafifu, hukolea kadiri anavyokua. Tumia HB peke yake, 2B iguse mikunjo tu. Tena ana kishungi cheupe matakoni. Hicho usikichore, chora manyoya meusi yanayokizunguka, chenyewe kitajitokeza. Ukimaliza nionyeshe.

— Wangu umechafuka ndani ya faili. Nipulizie dawa ya nywele ili penseli ishike?
— Wapo wanaofanya hivyo, ila karatasi huweza kugeuka njano baadaye. Wa kuuza tia kwenye fremu ya kioo. Kioo kisiguse mchoro. Mimi nabana vipande vyembamba vya boksi pembeni.

— Boksi la aina gani, mkuu?
— La biskuti linatosha.