Namna ya Kuchagua Mfumo wa Uongozi kwa Vyama Jirani vya Bodaboda

Vyama viwili vya bodaboda vinapopakana, kinachovigombanisha mara nyingi ni abiria: dereva wa kijiwe kimoja amemshusha mteja karibu na kijiwe cha wenzake, kisha akapakia mwingine palepale bila kufuata zamu. Viongozi wakichoka kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo kila jioni, huibuka wazo la kuunganisha vyama. Wazo hilo si baya, ila kabla ya kulifikia zipo njia nyingine tatu, na vyama vingi vinaweza kupata vinachokitafuta bila kuvunja kimoja wapo.

Kamati zote mbili zikutane kwanza na kuandika mambo ambayo kweli zinataka kuyafanya kwa pamoja. Kisha kila upande ulete katiba na cheti chake cha usajili. Hapa Tanzania, chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kiko kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wakati ushirika, SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) ikiwemo, unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na kusimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika ushirika mwanachama ana hisa. Katika chama cha kawaida ana ada na kura tu. Kwa hiyo chama na SACCOS haviwezi kufanywa kitu kimoja kwa azimio la mkutano mmoja, hata kama wanachama ni walewale. (Wanaofuatilia habari za Kenya hukanganyikiwa hapa, kwa sababu kule neno sacco limezoeleka hata kwa kundi linaloendesha matatu katika njia fulani.)

Ikiwa shida ni mipaka ya kupakia peke yake, makubaliano ya maandishi yanatosha. Yataje mahali kila kijiwe kinapoanzia na kuishia, adhabu ya anayevuka, na nani anayeitoza, kisha yasainiwe mbele ya wenyeviti wa serikali za mitaa husika.

Mambo yakizidi hapo, kwa mfano mkitaka mfuko mmoja wa ajali na misiba, undeni kamati ya pamoja huku kila chama kikibaki na katiba yake. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa kuwa vyama havilingani. Tuchukue chama cha madereva 60 na jirani yake mwenye 15: kura zikihesabiwa kwa vichwa, wadogo hawatashinda hata siku moja, viti vikigawanywa sawa, wakubwa watalalamika kwamba wanachangia zaidi na kuamua sawasawa na wachangiaji wachache. Ninachopendekeza ni viti sawa kwa mambo ya zamu, mipaka na nidhamu, lakini matumizi ya fedha yanayozidi kiwango mlichokubaliana yapitishwe na mkutano mkuu wa kila chama. Akaunti ya mfuko iwe na watia saini kutoka pande zote mbili, na pasiwe na malipo yoyote kwa saini za upande mmoja. Mweka hazina atoke chama kimoja na mwenyekiti atoke kingine, wabadilishane kila mwaka, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe vijiweni kila mwezi, mahali ambapo hata dereva asiyehudhuria vikao ataisoma akisubiri zamu.

Shirikisho, yaani chama mwavuli chenye usajili wake, linafaa pale vyama vinapokuwa vitatu au zaidi na vinahitaji sauti moja mbele ya halmashauri, polisi wa usalama barabarani au LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Kwa vyama viwili ni gharama na vyeo vya ziada tu.

Kuungana kabisa kunahitaji azimio la mkutano mkuu wa kila upande na katiba mpya itakayopelekwa kwa Msajili. Kabla ya hapo tazameni mpaka wa halmashauri. Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam ni majirani, lakini Sinza iko Manispaa ya Ubungo na Kijitonyama iko Kinondoni. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 kati yake ni ya vijana, hutolewa na halmashauri kwa vikundi vya eneo lake, hivyo muungano unaovuka mpaka huo unaweza kuwavurugia vijana wa upande mmoja maombi yao. Hesabuni pia madeni. Chama kinachodaiwa kikabidhi orodha ya wadai, kiasi na tarehe za kulipa, nayo isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wa pande zote mbili kabla kura haijapigwa.