Ukichapa ng'ombe ikaja ngómbe: kibodi yako haijafa

Mzee mmoja alikuja dukani kwangu nimchapie hati ya mauziano: ng'ombe watatu, bei, majina ya mashahidi. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, ndiyo kwanza nimeinunua. Nikachapa, nikaprinti, nikamkabidhi. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Mwanangu, hiki kilichomkalia o kichwani ni nini?"

Ritifaa zote, yaani ile alama ya ' kwenye ng', zilikuwa zimeyeyuka. Badala yake kila o ya ng'ombe ilikuwa na mkwaju juu.

Nilidhani kitufe kimeharibika. Kumbe aliyeweka Windows alichagua mpangilio wa kibodi uitwao United States-International, uliotengenezwa kwa ajili ya wanaoandika lugha kama Kifaransa, Kihispania na Kireno. Humo ritifaa haitokei unapoibofya. Inasubiri herufi inayofuata. Ikija a, e, i, o, u au y, inaipanda kichwani. Ikija c, unapata ç. Alama ya fungua semi (") nayo ina tabia hiyohiyo: ukitaka kuanza nukuu kwa neno Asante, unapata Äsante.

Mwenye kuandika Kiingereza anaweza kukaa miezi bila kushtuka, kwa sababu kwenye don't ritifaa inafuatwa na t, na t haipandiki. Sisi ng' yetu karibu kila mara inafuatwa na irabu. Jaribu kuchapa ng'ang'ania uone: ngángánia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Fungua Notepad. Bofya ritifaa mara moja. Isipotokea kitu, kisha ukibofya kitufe cha nafasi ikajitokeza, ugonjwa ni huo niliousema.

Sasa bofya Shift na 2. Ukitarajia @ ukapata ", tatizo ni jingine: kompyuta inadhani kibodi ni ya Uingereza. Thibitisha kwa Shift na 3. Ya Uingereza inatoa £, ya Marekani inatoa #. Maandishi yaliyochorwa juu ya vitufe hayaiambii kompyuta lolote, yenyewe inafuata mpangilio uliochaguliwa tu. Kujua kibodi uliyonayo ni ya wapi, tazama Enter: ikiwa ndefu ya kusimama, na kuna kitufe cha ziada kushoto kwa Z, ni ya Uingereza au ya mtindo wa Ulaya. Enter ya Marekani imelala.

Hatua ya 2: Soma kona ya saa

Chini kulia, karibu na saa, utaona ENG, na chini yake US, UK au INTL. Shikilia kitufe cha Windows, bofya nafasi, mpangilio unabadilika. Kama kuna mmoja tu, alama hiyo kwa kawaida haionekani.

Hatua ya 3: Ongeza ulio sahihi, ndipo uondoe mbovu

Kwenye Windows 11 ingia Settings, Time & language, Language & region. Bofya nukta tatu pembeni ya lugha, chagua Language options, halafu Add a keyboard. Weka US, au UK kama kibodi yako ni ya huko. Baada ya hapo ondoa International. Usigeuze utaratibu huu, kwa sababu Windows haikuruhusu kufuta kibodi iliyobaki peke yake.

Hatua ya 4: Zima njia ya mkato

Wenye vidole vyepesi hubadilisha mpangilio bila kujua, kwa Alt ya kushoto na Shift. Rudi Time & language, ingia Typing, Advanced keyboard settings, Input language hot keys, Change Key Sequence, uweke Not Assigned pande zote mbili.

Na kama nywila yako ina @ au # na ghafla inakataliwa, tazama kwanza mpangilio uliopo kwenye ukurasa wa kuingilia. Nimeona watu wakibadilisha nywila mara tatu kwa kosa hili.

Ukihitaji é kwelikweli

Kama uko Bujumbura au Lubumbashi na Kifaransa ni mkate wako, bakiza mipangilio yote miwili, uwe unahama kwa Windows na nafasi. Kwa herufi mojamoja, shikilia Alt uchape kwenye namba za kulia: 0233 ni é, 0232 ni è, 0224 ni à, 0231 ni ç. Wa Linux yenye X11 (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini) wana raha kuliko sote, wanaandika amri hii kwenye terminal:

setxkbmap us -variant altgr-intl

Ritifaa inatoka papo hapo, na Alt ya kulia pamoja na e inakupa é.

Kusafisha hati za zamani

Kwenye Word bofya Ctrl na H, tafuta ngó, badilisha kwa ng'o. Kisha ngá kwa ng'a, na irabu zilizobaki. Weka alama kwenye Match case, urudie kwa Ngó na wenzake, maana majina ya watu nayo yaliumia.