Jinsi ya kusoma jaribio la tiba kabla ya kulipeleka kwa mgonjwa mahututi

Mwongozo huu ni wa matabibu, manesi na madaktari wa zamu katika wodi kama zetu hapa Arua, Uganda, ambako mgonjwa mahututi anaweza kupata oksijeni na dripu, lakini mashine ya kupumulia ni ya kubahatisha. Majaribio makubwa ya tiba yanatuhusu sana, mradi tuyasome tukimtazama mgonjwa wetu.

Hatua ya 1: Andika swali la mgonjwa mmoja

Kwa mfano: "Mtu mzima ana homa na maambukizi, presha 85 kwa 50, anapumua mara 32 kwa dakika. Nimpe maji mengi kwa haraka, au kidogo kidogo?" Ukiuliza tu "sepsisi inatibiwaje" (sepsisi ni maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili hadi kuhatarisha uhai), utarundikiwa majibu usijue la kushika.

Hatua ya 2: Tazama ni nani walioingizwa, na walitibiwa wapi

Hapa usiharakishe. Mwaka 2001 jaribio la Detroit, Marekani, lenye wagonjwa 263 wa sepsisi, lilionyesha kwamba utaratibu wa mapema wa maji, dawa za kupandisha presha na vipimo vya karibu ulishusha vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Utaratibu huo ukaigwa kote. Majaribio makubwa matatu yaliyofuata mwaka 2014 na 2015 hayakuona faida hiyo.

Sasa njoo karibu na kwetu. Jaribio la Lusaka, Zambia, lililochapishwa mwaka 2017, liliandikisha watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini. Takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu maalumu walipata wastani wa lita 3.5 za maji katika saa sita. Wenzao wa matibabu ya kawaida, lita 2. Katika kundi la maji mengi walikufa 51 kati ya 106. Katika kundi la kawaida, 34 kati ya 103.

Hata kabla ya hapo, mwaka 2011, jaribio la FEAST lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, likiwa na vituo vya hapa Uganda kama Mbale, Soroti na Lacor, lilikuwa limeona jambo hilohilo kwa watoto zaidi ya 3,000: waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi. Hao ni watoto, kwa hiyo silitumii peke yake kuamua juu ya mtu mzima. Lakini la Lusaka ni la watu wazima, na wodi yao inafanana na yetu. Kwangu mimi lina uzito kuliko la Detroit.

Angalia pia mipaka yake. Haya hayamhusu mwenye kipindupindu wala anayevuja damu. Huyo amepoteza maji au damu, na kuchelewa kumrudishia kutamuua.

Hatua ya 3: Geuza asilimia ziwe watu

Lusaka: 48 kwa mia dhidi ya 33 kwa mia. Toa: watu 15 zaidi walikufa katika kila mia. Fanya hivyo kwa kila jaribio. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipima dawa ya deksamethasoni miligramu 6 kwa siku kwa wagonjwa wa korona. Waliokuwa kwenye mashine: vifo 41 kwa mia vilishuka hadi 29. Wa oksijeni tu: kutoka 26 hadi 23. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika kabisa. Dawa ni ileile, kwa hiyo ni oksimita kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni katika damu, inayokuambia nani apewe.

Hatua ya 4: Tafuta saa

Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lenye majeruhi zaidi ya 20,000, lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, hupunguza vifo kwa wanaovuja damu. Ila ikianza baada ya saa tatu tangu ajali, vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Majeruhi wa bodaboda akifika kutoka mbali, muulize aliyemleta kwanza: ajali imetokea saa ngapi? Iandike juu kabisa ya faili.

Hatua ya 5: Ligeuze jibu liwe kazi ya zamu

Kwa mgonjwa wa hatua ya 1, antibiotiki haingoji mjadala. Maji tunayapima kwa vipande vya mililita 500, kisha nesi anarudi kitandani: anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anabonyeza ncha ya kidole aone rangi inarudi baada ya sekunde ngapi, anasikiliza chini ya mapafu mgongoni. Pumzi zikipanda au mapafu yakianza kukoroma, dripu inapunguzwa na daktari anaitwa. Kila kipimo kiandikwe na saa yake, ili wa zamu ya usiku ajue mgonjwa ameshapata lita ngapi kabla hajatundika chupa nyingine.