Kabla Hujafungua Programu ya Kodi: Fomu 5695 na Nafuu ya Nishati ya Nyumba

Shemeji yangu alikuja kwangu jioni moja na kompyuta yake, uso umemshuka. Mwaka 2025 alibadilisha madirisha ya nyumba yake hapa Marekani, na programu ya kodi ikawa inamwonyesha nafuu ya dola 0, yaani hakuna punguzo la kodi wanalopewa walioboresha nyumba zitumie nishati kidogo. Alishajaza upya mara tatu. Tulipofuatilia ukurasa kwa ukurasa, tukakuta ameulizwa kama yeye ndiye mtumiaji wa kwanza wa madirisha hayo, naye akabofya "Hapana", akidhani anaulizwa kama ameshawahi kudai nafuu hiyo. Jibu moja tu, na fedha zote zikapotea.

Tangu siku hiyo kila anayeniomba msaada namwambia achape Fomu 5695, ambayo ndiyo ya kudai nafuu hii, kutoka tovuti ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), aijaze kwa kalamu kwanza, ndipo afungue programu. Ukishapata hesabu yako mkononi, utajua kama kosa ni lako au ni la programu. Bila hiyo utabaki kubahatisha.

Anza na ankara ya fundi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa madirisha, milango na vizuia joto vya darini, gharama inayohesabiwa ni ya vifaa tu. Ujira wa kufunga hauhesabiwi. Kwa pampu ya joto, hita ya maji au kiyoyozi cha nyumba nzima, ujira unaingia. Shemeji alikuwa na ankara ya mstari mmoja, dola 3,100. Tulimpigia fundi simu atenganishe: vifaa 2,400, kazi 700. Nafuu ni asilimia 30 ya gharama inayohesabiwa. Asilimia 30 ya 2,400 ni 720, lakini madirisha yana kikomo cha dola 600 kwa mwaka. Kwa hiyo programu ikionyesha 600 usidhani imekudhulumu. Mlango mmoja wa nje hauzidi 250, milango yote 500. Kundi hili lote lina kikomo cha 1,200, na pampu ya joto ina kikomo chake pembeni, 2,000. Kama ulipewa ruzuku na kampuni ya umeme kwa ajili ya vifaa hivyo, itoe kwenye gharama kabla ya kupiga asilimia.

Kwa vifaa vilivyofungwa mwaka 2025 kuna jambo jipya: msimbo wa mtengenezaji wenye alama nne. Programu isipoupata, nafuu haitolewi. Utafute kwenye karatasi zilizokuja na kifaa au tovuti ya mtengenezaji, na uunakili kwa makini, maana sifuri na herufi O hufanana sana. Vizuia joto na ukaguzi wa nishati ya nyumba havihitaji msimbo huu.

Tarehe nayo itazame vizuri. Inayohesabika ni siku kazi ilipokamilika. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeifunga nafuu hii kwa vifaa vilivyofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Uliyelipa Desemba na fundi akamaliza Januari, umekosa, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu nawajua watu walioahidiwa vinginevyo na wauzaji.

Halafu angalia mstari wa 18 wa Fomu 1040 (fomu kuu ya ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka), unaoonyesha kodi yako. Nafuu hii hupunguza kodi unayodaiwa. Haikurudishii kitu kodi hiyo ikiwa sifuri. Ukiwa na haki ya 600 na kodi yako ni 410, utapata 410, na zilizobaki haziendi mwaka ujao. Familia zenye kipato kidogo hukutana sana na hali hii na kudhani programu imeharibika.

Paneli za jua ziko upande mwingine wa fomu, Sehemu ya I, na zenyewe salio lake huhamia mwaka unaofuata. Ukibadilisha programu mwaka huu, salio hilo halitakufuata lenyewe. Fungua fomu ya 2024, chukua namba ya mstari wa 16, uiandike kwenye mstari wa 12 wa fomu ya 2025.

Ikiwa hesabu yako ya kalamu na ya programu bado hazilingani, sasisha programu kwanza. Kisha futa Fomu 5695 nzima humo ndani na uijaze upya, badala ya kurekebisha kisanduku kimoja kimoja, kwa sababu majibu ya zamani wakati mwingine hubaki yamejificha.

Kabla ya kutuma, fungua nakala ya ritani yenyewe, usiishie kwenye muhtasari wa rangi. Nafuu ya madirisha inapaswa kuonekana kwenye Jedwali 3 linaloambatana na Fomu 1040, mstari wa 5b. Ya paneli za jua, 5a. Na kama ulishatuma bila nafuu yako, kuna Fomu 1040-X ya kurekebisha ritani, ambayo kwa kawaida una miaka 3 kuiwasilisha tangu ulipotuma ritani ya kwanza. Shemeji hakuihitaji. Aliona 600 kwenye 5b, akatuma usiku uleule.